Jahazi la Pepo Mbili: Kisa cha Foronya Sita, Rangi ya Kitambaa na Sindano ya Panchi

Binti wa kaka yangu alinijia Kibokoni, hapa Mombasa, baada ya alasiri, mvua imemlowesha buibui mabegani, kifuani kakumbatia kifurushi cha leso. Hata kukaa hakukaa. Alikifungua mkekani, akatoa foronya ya mto, akaishika pembe mbili na kuikung'uta mara moja, kama mtu akung'utavyo kitambaa cha meza chenye makombo. Uzi ukamwagika. Si kitanzi kimoja wala viwili: nusu ya tanga la jahazi lililotariziwa juu yake iliporomoka, ikawa uzi mmoja mrefu wa kujisokota, na pale lilipokuwa tanga pakabaki safu za matundu.

"Shangazi, hii sindano uliyoniazima ni mbovu."

Sindano haikuwa mbovu. Hilo nililijua papo hapo, ila mtu aliyepoteza wiki mbili za kazi haambiwi tu akaridhika, lazima aone. Basi tukakaa na foronya hiyo siku tatu, tukiipima huku na huku, na mwisho wake tukagundua kwamba makosa hayakuwa moja bali matatu, yamepandana. Moja ndilo lililoua kazi. Mengine mawili yangeiua baadaye.

Oda yenyewe ilikuwa nzuri. Mwenye nyumba ya wageni hapa Mji wa Kale alitaka foronya sita za mito ya barazani, kila moja sentimita 40 kwa 40, zenye picha ya bahari na jahazi. Alimwachia binti uhuru wa kuchagua namna. Binti akachagua kupaka bahari na anga kwa rangi ya kitambaa, halafu jahazi peke yake litariziwe kwa panchi, liinuke juu ya rangi mtu alipapase kwa mkono. Wazo hilo mimi silikosoi hata leo. Panchi yala uzi na yala siku. Ukisema ujaze anga nzima kwa vitanzi, mto mmoja utakuchukua wiki, na ukimaliza hakuna kinachoonekana kimeinuka kwa sababu kila kitu kimeinuka. Rangi humaliza anga kwa saa moja, nayo hulala chini, ikawaachia nyuzi nafasi ya kusimama. Arbuni alikuwa ameshaipokea, na ilikuwa imeshaliwa na rangi, uzi na kitambaa.

Kwa asiyeijua panchi (wala si panchi ya gurudumu), ni tarizi ya sindano iliyo tupu ndani. Uzi huingilia nyuma ya mpini, ukapita ndani ya sindano na kutokea kwenye tundu karibu na ncha. Kitambaa huwambwa kwenye fremu ya duara mpaka ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma. Kisha mtarizi hukalia upande wa nyuma wa kazi yake: huchoma mpaka mpini uguse kitambaa, huirudisha sindano taratibu bila kuitenganisha na kitambaa, huiburuza kidogo, huchoma tena. Kila mchomo huacha kitanzi upande wa mbele. Ukitazama nyuma waona mishono midogo iliyolala, ukigeuza waona zulia. Dunia ina aina zake: kuna za sindano nene za kuingiza sufi kwenye kitambaa cha nyuzi kubwa, kuna za Warusi za sindano nyembamba kabisa, na Wajapani wana bunka, ambayo huchomwa kwa upande wa mbele. Hilo la mbele na nyuma liweke akilini, tutalirudia. Sindano niliyomwazima binti ni ya nyuzi tatu, yaani nusu ya uzi wa kawaida wa kutarizia, ambao huuzwa nyuzi sita zikiwa zimelazwa pamoja.

Na katika kazi yote hiyo hamna fundo hata moja. Kitanzi hakikufungwa na kitu. Mtu akishika ncha ya uzi na kuvuta, safu nzima yafumuka kama mnyororo. Kinachokizuia ni nyuzi za kitambaa zilizosogezwa pembeni na sindano, zikarudi mahali pake na kuubana uzi shingoni. Kisa chote hiki kimo ndani ya sentensi hiyo.

Nilianza na mkono wake, maana ndiko kwenye makosa ya kila siku. Anayejifunza panchi huinua sindano juu mno baada ya kuchoma, akakivuta kitanzi alichokiacha sasa hivi. Au uzi hukwama chini ya kiwiko chake, au chini ya kidonge cha uzi chenyewe, ukakosa kuteremka huru, na vitanzi vikatoka vifupi vifupi. Au fremu imelegea. Nilimpa kipande cha marekani isiyo na rangi, nikamwambia atarizi mbele yangu. (Marekani ni ile pamba isiyopaushwa. Jina lenyewe lilitokana na vitambaa vilivyoletwa pwani hii na meli za Marekani katika karne ya 19, na bado waweza kulisikia likitajwa Biashara Street bila mtu kukumbuka meli yoyote.) Akatarizi safu tano. Mkono ulikuwa mzuri, kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Nikalitoa pande lile kwenye fremu, nikalikung'uta kwa nguvu zangu zote. Halikudondosha kitu.

Basi mkono hauna kosa, wala sindano, wala uzi. Nikamwambia, sasa fanya hivyo hivyo kwenye pembe ya foronya uliyopaka rangi.

Alipochoma mara ya kwanza tulitazamana. Kwenye marekani tupu sindano ilikuwa ikisema tu, tu, tu, sauti ya chini, kama vidole juu ya godoro. Kwenye rangi ilisema tak. Kila mchomo, tak, kama mtu atoboaye kadi ya mwaliko. Baada ya safu mbili akasema mkono wauma. Akakung'uta, na safu ya pili ikaondoka yote.

Nikamsimamisha dirishani, vitambaa viwili mkononi, ashike kimoja baada ya kingine kwenye mwanga. Marekani tupu ilikuwa imejaa vitobwe vya mwanga, vidogo mno, maelfu, kila penye njia panda ya uzi wa kwenda na uzi wa kukatiza. Kitambaa cha rangi kilikuwa giza. Vile vitobwe vyote vilikuwa vimezibwa. Mwanga ulipita sehemu moja tu: kwenye matundu aliyoyatoboa yeye, na hayo yalikuwa makubwa, mviringo, yenye ukingo mweupe pale rangi ilipopasuka.

Hapo ndipo alipokaa chini.

Rangi ya kitambaa, hizi za chupa zinazochanganyika na maji, kazi yake ni kukaa juu ya uzi na kushikamana nao. Ndani yake mna chembe za rangi na gundi ya jamii ya akriliki. Maji yakikauka, ile gundi hugeuka utando mwembamba wa plastiki, na pasi ikipita utando huo huungana na kukaza. Ndiyo maana rangi haitoki kwa sabuni. Lakini ukiipaka nzito, kama ilivyotoka chupani, tena mara mbili, moja juu ya nyingine, kama alivyofanya yeye ili buluu ikolee, utando ule hauishii kwenye nyuzi. Hufunika na mapengo yaliyo baina yake, ukazifunga nyuzi zote pamoja. Kitambaa hakiwi tena nyuzi zinazoweza kusogea, kimekuwa karatasi.

Sasa itazame sindano. Kwa kuwa uzi hupita ndani yake, lazima sindano iwe nene kuliko uzi. Tundu linalotobolewa ni la unene wa sindano, na kinachobaki ndani yake ni uzi peke yake. Kwenye kitambaa huru hilo si neno: sindano ikitoka, nyuzi zarudi zikafunga ile nafasi iliyobaki. Ukikosea ukataka kufuta mchomo, wakwangua kwa ukucha mara mbili tatu na tundu halionekani tena. Nikamwonyesha. Kisha nikakwangua kwenye rangi. Ukucha ukateleza, tundu likabaki likitutazama. Nyuzi zilikuwa zimefungwa na gundi, hazina pa kurudi. Uzi mwembamba umesimama ndani ya tundu pana, na kilichokuwa kikiushika mpaka siku ile alipokuja kwangu ni msuguano tu na bahati.

Mama yangu alikuwa akishona kofia za vito, yaani zile za vitundu vya kutarizi, na nilipokuwa nikimweleza binti haya ndipo mimi mwenyewe nilipoona kwamba kazi hizi mbili ni kinyume kabisa. Kwenye kofia ya vito tundu ndilo pambo. Watoboa, kisha wazungushia uzi pande zote makusudi lisije likajifunga, na fundi hodari ni yule ambaye vito vyake vimebaki wazi na vidogo, vyote sawa. Kwenye panchi tundu likibaki wazi kazi imekufa. Mtu aliyelelewa kwenye vito, kama sisi, hana kawaida ya kuogopa tundu. Labda ndiyo sababu binti aliyaona matundu yale tangu siku ya kwanza asishtuke.

"Basi rangi na panchi haziendi pamoja," akasema.

Hapana, hiyo ni hukumu ya haraka. Nikamwambia ajitazame kiunoni. Alikuwa kajifunga leso, nyekundu na nyeusi, pindo na mji na jina lake. Ile nayo ina rangi, tena kali kuliko bahari yake. Akaichukua ncha akaishika dirishani, na vitobwe vya mwanga vilikuwemo vyote. Rangi ya leso nzuri imeingia ndani ya uzi, haikukaa juu yake, na ndiyo maana upande wa pili waiona nayo na nguo imebaki laini. Duka la Kaderdina Hajee Essak lipo Mombasa tangu 1887, leso zake za Mali ya Abdulla zimefungwa viuno vingapi, na jambo hili limo ndani ya kila moja.

Siku ya pili tulifanya jaribio. Tulikata utepe mmoja wa marekani, nikauchemsha kwanza na sabuni. Hilo binti hakulifanya kwenye foronya, na nalitaja hapa hapa nisije nikalisahau. Marekani mpya ina wanga wa kiwandani, wanga huo huzuia rangi isishike sawasawa, na kitambaa chenyewe hakijarudi, yaani hakijasinyaa. Ukipaka na kutarizi kabla hakijarudi, siku kitakapofuliwa kitapungua, rangi na uzi zibaki vilevile, na mto ukunjamane kama uso wa mzee. Baada ya utepe kukauka tukaugawa vyumba vitano kwa penseli.

Chumba cha kwanza tulikiacha kitupu. Cha pili tulipaka rangi kama ilivyo. Cha tatu tuliipunguza kwa maji, nusu kwa nusu. Cha nne tulitumia burashi kavu: wachovya ncha kidogo sana, waifuta kwenye gazeti mpaka karibu isiwe na kitu, ndipo wapitisha juu ya kitambaa. Cha tano nilikwenda kukiombea kwa jirani anayefanya batiki, akakichovya kwenye buluu yake. Kila kimoja kilipokauka na kupigwa pasi tukakichoma safu kumi, uzi uleule, mkono uleule.

Cha kwanza na cha tano havikutofautiana hata kidogo. Rangi ya batiki hunyweka ndani ya pamba, na sindano haikujua kwamba kuna kitu kimepita hapo. Cha pili, nilishasema. Cha tatu kilinishangaza. Sindano ilipita vizuri na vitanzi vilishika, lakini rangi ilikuwa imetambaa. Tuliweka mstari wa penseli, nayo ikaufuata uzi ikavuka nje kwa upana wa kidole, kama chai ikimwagikia gazeti. Na tulipoufua utepe jioni yake, chumba hicho kilipauka kuliko vingine. Maji mengi yalikuwa yameipunguza gundi nayo, chembe za rangi hazikuwa na cha kuzishika. Kuna kile kimiminika cha kuchanganyia kinachouzwa pamoja na rangi hizi, ambacho huilegeza rangi bila kuipunguzia gundi. Ni ghali kuliko maji. Kitumie.

Cha nne ndicho nilichokipenda. Burashi kavu hugusa migongo ya nyuzi tu, haiteremki kwenye mapengo. Dirishani vitobwe vilionekana karibu vyote. Vitanzi vilishika, si kama kwenye kitupu, ila mtu akikaa juu ya mto havitamwagika. Na sura yake ilikuwa ya madoadoa, buluu juu ya weupe wa marekani, ambayo kwa bahari ya saa sita mchana pale Kilindini ndiyo hasa. Buluu ile ya kwanza iliyokolea ilikuwa kama ya ndoo.

Tulijaribu na kinyume chake, kutarizi kwanza ndipo tupake pembeni. Sikushauri. Vitanzi vya pamba vyanywa maji. Burashi ilipokaribia, rangi ilipanda yenyewe kwenye safu ya nje, ikakaukia huko, na tanga likawa na ukingo mgumu kama nywele zilizoganda kwa gundi. Tena kitambaa kikilowa hulegea kwenye fremu. Atakayelazimika kufanya hivyo, labda kwa kuwa amegundua kasoro mwishoni, aache nafasi ya milimita mbili kati ya uzi na rangi, rangi iwe nzito, burashi kavu, na asiwe na haraka.

Tuliyoyakubaliana ni haya: rangi kwanza, lakini mahali pa jahazi pabaki marekani tupu. Na ule mstari wa penseli unaogawa rangi na uzi ni mali ya sindano. Rangi ikiuvuka ikaingia ndani, hata kwa unene wa uzi mmoja, safu ya nje ya vitanzi itakuwa imepandwa kwenye karatasi, na safu ya nje ndiyo inayoguswa na kila mgongo unaoegemea mto. Mtu aogopaye kuona mwanya mweupe kati ya rangi na uzi asiogope. Vitanzi havisimami wima, hulalia nje, na vya ukingoni huufunika mstari wenyewe.

Kosa la pili sikuliona mimi. Aliliona mume wangu, ambaye ujanani alifanya kazi ya jahazi na kutoka hapo hajawahi kuacha kulizungumza. Aliikuta foronya ya pili, ile ambayo tanga lake lilikuwa bado halijaanguka, imetandikwa kitini. Akavaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu wa kutia wasiwasi.

"Mwanangu," akamwambia binti, "hili jahazi lako laenda wapi?"

"Laenda baharini, ami."

"Naona. Lakini tanga limejaa upepo upande huu, na bendera yapepea upande huu mwingine. Jahazi lako lasafiri kwa kaskazi na kusi siku moja."

Alikuwa na haki. Majahazi yalikuja huku na kaskazi na kurudi Arabuni na kusi, miezi kadhaa baina yake. Kwenye foronya ya binti zilivuma zote mbili. Bendera ilikuwa ndogo mno kwa sindano, kwa hiyo aliichora kwa burashi, upande wa mbele, pamoja na mawimbi na mwanga wa jua majini. Tanga, mlingoti na foromali (ule mti unaobeba tanga) alivitarizi, na panchi huchomwa kwa nyuma. Alitumia karatasi moja ya mchoro kwa pande zote mbili, akaibandika mbele kwa ajili ya rangi, akaibandika nyuma kwa ajili ya sindano, bila kuigeuza. Kilichochorwa nyuma kikielekea kulia, mbele hutokea kikielekea kushoto. Anayetarizi panchi tupu hupatwa na kosa hili pia, ila yeye hageuziwi nusu ya picha: jahazi zima hugeuka, na hakuna atakayejua isipokuwa alikuwa na maandishi. Ni anayechanganya na rangi ndiye anayefanya nusu ya kazi kwa upande huu na nusu kwa upande ule, na pande hizo lazima zikutane katikati ya kitambaa.

Kama angekuwa ameacha pa jahazi patupu, kosa hili lisingewezekana. Angegeuza kitambaa, akakishika dirishani, na umbo la jahazi lingejionyesha lenyewe kwa mwanga, ndani ya giza la rangi. Hivyo ndivyo tunavyofanya sasa. Wala hatuhitaji kuchora mara ya pili. Twapitisha penseli pale weupe unapoishia, kwa nyuma, basi.

Kosa la tatu ni la mvua na halina mengi. Alipaka katikati ya masika, akagusa asubuhi yake, akaona pakavu, akapiga pasi. Mombasa mwezi wa nne hata chumvi hailali kavu kwenye kikopo. Juu palikuwa pakavu, ndani maji yalikuwemo, na rangi iliyopigwa pasi ikiwa na maji haishiki. Foronya moja tuliiosha kwa majaribio na buluu ikamwaga beseni zima. Siku mbili za feni ndipo pasi, dakika tatu au nne kila mahali, bila mvuke. Na kama vitanzi vimeshatariziwa, viangalie chini juu ya taulo nene, pasi ipite nyuma, visije vikalala kama nyasi zilizokanyagwa.

Ikabaki kuokoa. Zilikuwepo mbili zilizotariziwa juu ya rangi na nne zilizopakwa tu, zote bahari nzima bila nafasi ya jahazi. Siku za kukabidhi zilikuwa kumi.

Binti alitaka gundi. Wengi hupaka gundi nyuma ya panchi, na kwenye zulia la mlangoni sina neno. Tukajaribu kwenye ile ya pili. Ilipokauka mto ulikuwa na ubao kifuani, na vitanzi vilivyokuwa vimelegea vilikuwa vimegandia katika hali ile ile ya kulegea, vingine virefu vingine vifupi. Tanga lilikuwa kama limepigwa na dhoruba. Tukaacha.

Zile nne ziliokolewa na kiraka. Nilimwambia atarizi majahazi manne kwenye marekani tupu, pembeni, bila rangi yoyote, ayakate akiacha ukingo wa sentimita moja, akunje ukingo kwa ndani na kuyashonea juu ya bahari kwa sindano ya kawaida na uzi wa rangi ileile. Akaniuliza, "Na hiyo sindano haitatoboa rangi?" Itatoboa. Lakini mshono wa mkono, kama wa cherehani, haungoji kitambaa kiubane. Uzi waingia na kutoka, wajishika wenyewe, na mwisho wafungwa fundo. Tundu liwe wazi lisiwe wazi, wao haliwahusu. Kwa kuwa jahazi lilikuwa tayari limeinuka kwa vitanzi, kule kuongezewa unene wa kiraka kulilifanya lisimame zaidi. Ukilipapasa waweza kulizungushia kidole. Mimi nilizipenda hizo nne kuliko mbili mpya, nasema kweli, ingawa zile mpya ndizo zilizofanywa ipasavyo: marekani iliyochemshwa, burashi kavu, nafasi tupu, dirisha.

Mwenye nyumba ya wageni alizipokea zote sita siku moja baada ya ahadi. Hakuuliza kwa nini nne zina jahazi nene na mbili zina jahazi jembamba, na sisi hatukumwanzishia. Ile ya gundi, yenye pepo mbili, haikutupwa. Mume wangu aliidai. Ipo barazani kwake, na kila mgeni aliyewahi kukanyaga chombo huulizwa jahazi hili laenda wapi.

Sasa yule mteja ameagiza nyingine mbili, na safari hii ataka na maneno, kama jina la leso, yatariziwe chini ya mawimbi: KARIBU. Juzi nilimkuta binti dirishani, karatasi kaibandika kwenye kioo kwa nyuma, anaandika kinyumenyume. A, I na U hazikumpa taabu, ziko vilevile pande zote. K aliipata. B aliipata baada ya kufuta mara mbili. Nilipotoka kwenda jikoni alikuwa bado anaigeuza ile R, kichwa kakilaza begani.

"Shangazi, huu mguu wake waenda wapi?"